Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na wenzetu wengine hamjambo. Katiba ya chama chetu, cha watu wa Mombasa wenye shida ya uzito na ulaji, inanitaka niwaandikie kabla ya mkutano mkuu, niseme tulilofanya, tuliloshindwa na pesa zilikokwenda. Pesa ni hadithi fupi, nitaiacha mwisho. Naanza na tuliloshindwa.

Januari tulianzisha shindano la kupungua. Wazo lilikuwa langu, msimlaumu mwingine. Kila Jumamosi watu wapande mizani mbele ya wenzao, na atakayeshuka kilo nyingi kufikia Ramadhani apewe zawadi. Alishinda binti mmoja ambaye, nikisema kweli, hakuwa mnene hata siku aliyojiandikisha. Hakuna aliyeuliza anashindania nini. Tulimpigia vigelegele, tukampa birika la umeme na jozi ya leso, na picha yake ikazunguka kwenye simu zetu.

Aprili mamake alinibishia hodi baada ya isha akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. Akaumwaga juu ya meza: majani ya sanamaki, ya kuendesha matumbo ya mtaa mzima, na pakiti za haluli, dawa nyingine ya kuharisha. Alivikuta chini ya godoro. Mtoto, aliniambia, alifunga Ramadhani yote, akaunga sita za Shawwal, akashika Jumatatu na Alhamisi, na siku akiambiwa ale anasema analipa deni. Nani atamkemea mtoto anayefunga? Katika nyumba zetu hiyo ni sifa. Siku anapokula, akimaliza anaingia chooni na kufungulia bomba. Mama alidhani anatia udhu.

Nasimulia haya kwa ruhusa yao wote wawili, bila jina. Nasimulia pia kwa sababu nimeshaulizwa mara mbili kwa nini shindano halitarudi.

Sanamaki haipunguzi mafuta. Kazi yake ni kwenye utumbo mpana, na chakula kikifika huko utumbo mwembamba umeshachukua chake. Kinachotoka ni maji na madini, na mizani inashuka kwa sababu mtu amekauka. Potasiamu, moja ya madini hayo, ikipungua mwilini moyo huanza kupiga ovyo, na unaweza kusimama kwa kijana ambaye jana alikuwa kidato cha nne akicheka na wenzake.

Safari ya tiba ndiyo iliyonifungua macho. Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilisema ni vidonda vya tumbo. Ya pili ilipima mimba, kisha ukimwi, kisha kifua kikuu. Vipimo vyote vilikuwa safi, na mama akaambiwa ampe mtoto uji mzito. Shangazi akaleta kombe, maji ya kunywa yaliyooshewa aya. Sina ugomvi na kombe, lakini binti aliendelea kukonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana juu ya buibui.

Aliyegundua alikuwa muuguzi wa watoto, tena kwa bahati: alikuwa jirani, amekuja kuomba ndimu. Aliangalia vifundo vya vidole vya mkono wa kulia, akaona sugu zinazoachwa na meno mtu akijitapisha. Kisha akakataza uji mzito kwa ukali. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimjaza chakula kwa mkupuo, fosfeti na potasiamu hushuka ghafla kwenye damu, na chakula chenyewe kinaweza kumuua. Kwenye wodi ya utapiamlo hilo wanalijua kama wajuavyo majina yao. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, ndipo apandishwe F-100, yenye nguvu zaidi. Mtu mzima hatibiwi kwa kipimo cha mtoto, lakini hatari ni ile ile. Kwa hivyo ujuzi tunao hapa hapa Mombasa. Uko kwenye wodi ya watoto, na wodi ya akili iko jengo jingine, na kati yao hakuna anayebeba faili.

Watu huniambia matatizo haya ya ulaji ni maradhi ya Wazungu. Huwa nawapa habari za Fiji, visiwa ambako mwili mkubwa ulikuwa heshima kama ulivyo hapa kwetu, tunakosema bi arusi akinenepa ndoa imemkubali. Televisheni iliingia kwenye jimbo moja la huko mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo huo, kisha akarudi 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Miaka mitatu tu, na hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni. Wanetu wanalala na simu.

Upande wa pili wa kazi yetu, unene, hauhitaji kushawishi mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito kupita kiasi. Ule wa 2022, uliohesabu wa miaka 20 hadi 49, ulikuta asilimia 45. Umri haukupangwa sawa, kwa hivyo msizitoe moja kwa nyingine mkapata jibu, lakini mwelekeo mnauona.

Kuona na kutibu ni mambo mawili. Mwenzetu mmoja wa Likoni, mama wa makamo, alikwenda kliniki kwa ajili ya magoti. Mizani ya pale mwisho wake ni kilo 150, mshale ukagonga mwisho ukatulia. Kijana wa mapokezi akasema kwa sauti, watu wanasikia, akapimwe kwenye mizani ya magunia. Mkanda wa presha ulikuwa mdogo, haukuzunguka mkono vizuri, na mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Akapewa dawa za presha kwa namba hiyo. Ushauri wa lishe ulikuwa maneno mawili: punguza kula.

Wakati huyo mama mchana anakula kama ndege. Ni usiku, nyumba ikilala, ndipo huketi jikoni gizani akamaliza chapati za kesho zote, baridi, bila mchuzi, asijue ladha yake, kisha akalia. Aliniambia hayo baada ya miezi minane ya kujuana. Ugonjwa huo, wa kula kwa wingi bila kuweza kujizuia, ulipewa nafasi yake kamili katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, na haufanani na ulafi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ajinyime mchana, usiku unamzidishia. Ndiyo maana chama hiki kinashughulikia wembamba na unene pamoja, na wanaotaka tugawanyike wawe vyama viwili watanivumilia: yule binti na yule mama walikaa viti vya jirani mwezi wa Agosti, na walielewana kwa haraka kuliko nilivyoelewana mimi na yeyote kati yao.

Tiba yenyewe basi iko wapi? Mpango wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida kutibu maradhi ya akili, mhGAP, ulizinduliwa 2008 kwa ajili ya nchi kama zetu. Una sonona, kifafa, ulevi. Sura ya matatizo ya ulaji haimo. São Paulo, Brazili, hospitali ya chuo kikuu ina kituo cha maradhi haya tangu 1992, kwa hivyo si kweli kwamba nchi zinazoendelea haziwezi. Lakini tukingoja Mombasa ijengewe kituo kama hicho tutazikana.

Kamati ilichagua njia ya Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006, akawafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kumsaidia mwenye sonona kutatua shida yake moja baada ya nyingine, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha inafaa. Waingereza nao, kwa ugonjwa wa kula na kujitapisha na ule wa kula bila kujizuia, huanza na kitabu cha kujisaidia na vikao vifupi, 4 hadi 9, vya dakika 20 kila kimoja. Dakika 20 zinapatikana hata Kisauni. Tangu 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mizani na kipimo cha presha. Tumezungumza na baadhi yao: waulize pia kuhusu chooni baada ya chakula, na kuhusu usiku. Wakimkuta mwenye kizunguzungu, moyo kwenda mbio au aliyekonda sana, hapo hakuna benchi, ni hospitali.

Zile sindano za kupunguza mwili. Septemba WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na maradhi ya moyo au figo na unene. Ni dawa ya kweli, na bei ikishuka itawafaa wengi wetu. Ile iliyokuja kwa bahasha, haikukaa kwenye friji, ikauzwa kwenye kundi letu la WhatsApp na mwanachama ninayemjua, hiyo siijui ni nini. Nilimtoa kwenye kundi. Akitaka kurudi tuzungumze.

Pesa sasa. Ada zilizolipwa zilitosha kodi ya ukumbi, mizani moja inayopima hadi kilo 300, mikanda mipana miwili ya presha, na viti kumi visivyo na mikono, kwa sababu vile vya plastiki vilivunjika viwili na aliyekalia cha pili hajarudi. Mhasibu ana stakabadhi zote. Wasiolipa wanajijua.

Binti anatibiwa, anakutana na mshauri nasaha kila wiki na amerudi kula na wenzake. Aliomba kitu kimoja, nacho kamati imekipitisha: mizani imetolewa ukumbini ikawekwa chumba cha nyuma, anayepima anakusimamisha kinyumenyume, na namba huandikwa kwenye faili bila kutamkwa.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya alasiri, ukumbi ule ule wa Majengo. Kutakuwa na uchaguzi, na nafasi yangu ni moja ya zinazogombaniwa. Chai ipo, na mahamri na mbaazi. Tafadhali asiwepo wa kuhesabu mwenzake amechukua mangapi.

Mwenyekiti