Mpwa wangu, swali lisifutwe

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi, nikaona nikujibu hadharani, maana najua wapo wengine waliosimama pale pale uliposimama wewe. Miaka mitano umeandika kuhusu kamera za filamu kwa mapenzi tu, bila kumuuzia mtu kitu. Watu wakaja mmoja mmoja: mafundi, wakusanyaji, vijana waliorithi kamera ya babu na hawajui filamu inaingilia wapi. Sasa wanakuomba uwafungulie mahali pa kuuziana. Na wauzaji wawili wakubwa wamekuahidi mzigo wa kuanzia, kwa sharti moja: chini ya tangazo pasiwe na nafasi ya watu kuandika. Mwenye swali amfuate muuzaji faraghani.

Sharti hilo likatae. Wakiondoka na mzigo wao, waache waende.

Nina sababu, na ya kwanza inaniuma mpaka leo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua lenzi katika kundi moja la mtandaoni. Picha zilikuwa safi kabisa. Mtu mmoja akauliza kama lenzi imemulikwa kwa tochi kutokea nyuma. Msimamizi akalifuta swali, eti linaharibu biashara. Niliona likifutwa na bado nikanunua, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda. Ilipofika nikaimulika mwenyewe: kuvu ilikuwa imetandaa ndani ya vioo kama utando wa buibui, na ilikokwisha kula tabaka la juu la kioo hapakusafishika tena. Fedha nilizisahau. Sikumsahau yule aliyeuliza. Alikuwa hanijui, hakuwa na faida yoyote, alitaka tu nisiuziwe mbuzi kwenye gunia, akafungwa mdomo. Sikumwona tena akiandika mle. Baada yake wajuzi wengine nao walinyamaza, wakabaki wauzaji wakitazamana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ni kweli pale ambapo mnunuzi anakishika kitu, anakigeuza, anakinusa. Kwenye skrini kizuri na kibaya vinatembezwa kwa picha zile zile. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mwenye gari anajua ubovu wake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati. Bei hiyo ni tamu kwa mwenye gari bovu na ni hasara kwa mwenye gari zima, basi mwenye zima analirudisha nyumbani. Wanunuzi wanashtuka kuona mabovu yamezidi, wanashusha bei tena, na wenye magari mazima waliobaki nao wanaondoka. Soko linaoza bila mtu yeyote kulikusudia lioze. Mwaka 2001 Akerlof alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha hapo.

Sasa fikiria kamera zako. Kamera iliyokaa kabatini miaka mingi inaweza kupiga vizuri kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, lakini ukiiweka kwenye sekunde 1, pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga linakwama katikati. Hakuna picha ya tangazo itakayokuonyesha hilo. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera zimegeuka lami. Mlango ukifungwa huzioni. Vile vipimamwanga vya zamani vilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku. Muuzaji anatia betri ya volti 1.5, sindano inacheza vizuri sana kwenye video ingawa inaonyesha mwanga mwingi kuliko uliopo, na mnunuzi anapeleka filamu yake ya kwanza kusafishwa ndipo anagundua picha zote zina giza. Wala si lazima muuzaji awe mwongo. Mara nyingi hata yeye hajui.

Anayejua ni yule fundi wako anayejibu maswali ya watu usiku wa manane bila kulipwa. Huyo ndiye mtaji wako. Wauzaji wawili wenye mzigo unaweza kuwapata popote.

Kuna watu walioipita njia hii kabla yako, kwa magari. Randy Nonnenberg na Gentry Underwood walianzisha tovuti ya Bring a Trailer mwaka 2007 kule San Francisco. Mwanzoni ilikuwa blogu: waliokota matangazo ya magari ya zamani yaliyotawanyika mtandaoni, wakayaweka mbele ya wapenzi wenzao, na wapenzi wakayachambua. Mnada wao wenyewe ulikuja mwaka 2014, miaka saba baadaye. Tafadhali itafakari hiyo miaka saba. Mnada ulipofunguliwa, watu walikuwa wameshazoea kusemeana ukweli mbele ya wote, na mazungumzo yakaingia mnadani pamoja nao. Mmoja anaomba namba ya chesisi, mwingine anataka picha za kutu chini ya sakafu, wa tatu anasema rangi ile si ya kiwandani. Muuzaji anajibu hadharani, na asipojibu, ukimya wake nao unasomwa. Mtu akipandisha dau katika dakika mbili za mwisho, saa inarudi kwenye dakika mbili, ili asiwepo wa kuvizia. Na ada ya asilimia analipa mnunuzi. Hili la ada nimelifikiria sana: anayelilipa soko ndiye anayeuhitaji ukweli. Ukimwachia muuzaji peke yake akulishe, siku atakapokuomba ufute swali utapata shida kumkatalia.

Utaniambia kwamba nyota zinatosha, kila mtu ampe mwenzake alama baada ya biashara. Nyota ziwepo, zina kazi yake. Mwaka 2006 mtafiti Paul Resnick na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwenye soko la mtandaoni la eBay: muuzaji mzoefu wa kadi za posta za zamani aliuza kadi zinazolingana, nyingine kwa jina lake la siku zote, nyingine kwa majina mapya. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina la zamani. Waonyeshe hilo wale wauzaji wako, wajue kwamba jina jema lina bei. Lakini eBay hiyo hiyo, iliyoanza kupeana alama mwaka 1996, iligundua kwamba wanunuzi wanaogopa kusema kweli, kwa sababu muuzaji akipewa alama mbaya naye analipiza. Mwaka 2008 wauzaji wakazuiwa kabisa kuwapa wanunuzi alama mbaya. Zaidi ya hayo, nyota huja baada ya fedha kutoka. Swali huja kabla, na mimi wakati ule ningehitaji swali.

Jambo jingine uliibe kwa wapenzi wa sahani za santuri. Discogs ilianzishwa na Kevin Lewandowski mwaka 2000 ikiwa orodha tu ya rekodi, iliyojazwa na wapenzi wenyewe. Soko lilipokuja, kila sahani inayouzwa ilifungwa kwenye ukurasa wake katika orodha ile, toleo kwa toleo, na hali yake inatajwa kwa madaraja ambayo kila mkusanyaji anayajua. Wewe tayari una maelezo ya kamera mamia, pamoja na magonjwa ya kila aina. Tangazo lifungwe hapo. Muuzaji akiweka kamera yenye kipimamwanga cha betri ya zebaki, fomu yenyewe imuulize: umejaribu kwa volti ngapi? Neno "nzuri sana" lisikubaliwe peke yake. Kila mtu ana nzuri sana yake.

Sitakuficha kwamba midomo ikiachiwa huwa inaumiza pia. Atakuja mshindani kumchafulia mwenzake. Atakuja mjuzi anayefurahia kumwaibisha kijana aliyekosea jina la lenzi. Hao uwakemee, na matusi uyafute siku hiyo hiyo, lakini uache swali lililokuwa ndani ya tusi libaki, liandike upya wewe mwenyewe ikibidi. Hii ni kazi ya kila siku na inachosha. Mtafute mtu wa kusaidiana naye kabla hujachoka, na awe mtu anayeheshimiwa na wale mafundi.

Na mafundi hao uwaite kabla ya kufungua. Wasomee kanuni, wakukosoe. Usiwafanye wasikie kwamba miaka mitano ya ukarimu wao imegeuzwa duka la mtu usiku mmoja. Watu wanasamehe mengi, hilo hawalisamehi haraka. Ukiwa na kamera yako unayoiuza, sema ni yako. Ukipewa kitu na muuzaji, hata lenzi ya kujaribu, sema umepewa.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Malipo yakae amana hadi mnunuzi aifungue kamera na kuijaribu kwa siku chache, na usizishike wewe kwenye akaunti yako. Tumia kampuni yenye leseni ya kazi hiyo. Siku moja watu wawili watagombana, wote wakiwa na haki kidogo, na hutataka fedha zao ziwe mfukoni mwako.

Anza na matangazo kumi, hata matano. Wale wauzaji wawili waambie mlango uko wazi wakikubali kuulizwa.

La kwanza nakuletea mimi. Ile kamera niliyokuwa nikikupigia picha ulipokuwa mdogo, naiuza. Andika hivi: pazia la kitambaa lina matundu mawili madogo upande wa kushoto, yanaacha nukta za mwanga kwenye picha za juani, sponji za mlangoni zimekwisha, kasi ya sekunde 1 inachelewa, lenzi imemulikwa kwa tochi, haina kuvu, ina vumbi. Kipimamwanga sijakijaribu kwa betri ya volti inayotakiwa, kwa hiyo mnunuzi ahesabu kwamba hakifanyi kazi. Nimekutumia picha tisa, na ile ya pazia nimeipiga mbele ya taa ili matundu yaonekane. Wakiuliza zaidi nipo, nitawajibu pale pale chini ya tangazo.

Mjomba wako