Kikao cha makubaliano ya Msitu wa Rau

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa 2:00 asubuhi tutakutana ofisi ya mtaa kupitia rasimu ya makubaliano ya kusimamia Msitu wa Hifadhi wa Rau, hapa Moshi, kwa pamoja na Serikali, utaratibu unaoruhusiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Naomba kila mmoja asome kifungu cha kuni na majani ya mifugo, kwa sababu doria tunafanya sisi, na sioni haki majukumu yetu yaandikwe kirefu huku ruhusa ya kuokota kuni ikiachwa kwa ahadi ya mdomo. Akina mama waokota kuni watazungumza kwanza. Wakulima wa mpunga mnaotegemea maji ya chemchemi, tafadhali msikose.