Si hasira peke yake iliyoiangusha serikali ya Zanzibar

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia. Makala yenu ya mwezi uliopita kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar imenitoa kimyani. Mnakumbuka mlivyohitimisha: yalifaulu kwa kuwa wananchi "walichoka kuonewa". Juzi kijana wa kidato cha nne alinionyesha daftari lake, na sentensi hiyo ameinakili neno kwa neno kama jibu la zoezi. Imeniuma, maana hiyo ni robo tu ya ukweli.

Kuchoka, walichoka zamani. Juni 1961, wakati wa uchaguzi, Unguja iliwaka na watu 68 wakafa. Hasira ilikuwepo na mapanga yalikuwepo, lakini serikali haikutikisika. Visiwa vilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza, na askari wakaletwa upesi kutoka Kenya.

Sasa tazameni kilichobadilika katika miaka miwili na nusu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP (Afro-Shirazi Party, chama cha upinzani) ilipata takriban asilimia 54 ya kura ikaambulia viti 13 kati ya 31, na wafuasi wake wakaona njia ya kura imezibwa. Uhuru wa Desemba 10 nao ukawavua watawala ngao: Uingereza iliondoka bila kuweka mkataba wa ulinzi, na Sultani hakuwa na jeshi. Kilichobaki ni polisi. Hapo ndipo serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ilipofanya kosa lililoimaliza, kwa kuwaachisha kazi polisi waliotoka bara, wengine bila hata nauli ya kurudi kwao. Watu waliofundishwa kushika bunduki, wanaojua lindo linabadilishwa saa ngapi na ghala la silaha liko upande gani, wakabaki mitaani bila mshahara! Ndiyo maana usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, watu mia chache wenye mapanga, mikuki, pinde na mishale hawakuanzia kwenye kasri. Walikwenda Ziwani na Mtoni, kwenye bunduki za polisi. Ghala likishavunjwa, aliyekuja na panga anatoka na bunduki, na mizani ya nguvu imegeuka kabla hakujapambazuka. Kisha ikatekwa redio ya Raha Leo, na sauti ya John Okello, aliyewaongoza washambuliaji, ikaingia majumbani. Kituo cha polisi cha Malindi kilikaza kwa saa kadhaa, lakini cha kukiokoa hakikuja. Serikali iliomba msaada nje, haikupata. Sultani Jamshid akapanda meli na jamaa zake.

Wala msiniambie basi siri ni bunduki. Januari 20, siku nane tu baadaye, askari wa kambi ya jeshi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakiwa na silaha zao wenyewe, wakaushika mji. Walidai nyongeza ya mshahara na maofisa wa Kiingereza waondoke. Hawakuwa na chama nyuma yao wala mtu wa kumkabidhi nchi. Januari 25 makomandoo wa Kiingereza walishuka kwa helikopta, na asubuhi haijaisha mambo yalikuwa yamekwisha. Unguja kulikuwa na Karume, kiongozi wa ASP, na matawi ya chama hicho mpaka mashambani, na makomredi wa chama cha Umma waliojua ofisi ipi ishikwe kwanza. Okello mwenyewe, ambaye hakuwa na chama chake, Machi ya mwaka huo huo alizuiwa kurudi visiwani.

Na kuna jambo lingine. Kila Januari mnajaza kurasa za pongezi za makampuni na taasisi, picha kubwa, maneno yale yale kila mwaka. Watu wengi waliouawa siku zile, hasa Waarabu, hawapati hata mstari mmoja. Hilo nalo mtoto wa shule ana haki ya kulisoma.

Januari ijayo toeni nusu ukurasa wa pongezi muweke ramani: Ziwani, Mtoni, Raha Leo, Malindi na bandari, kila mahali na saa palipotekwa. Mtumeni mwandishi atembee kwa miguu kutoka Raha Leo hadi Ziwani usiku, saa mkononi, aandike ni dakika ngapi. Na kando ya ramani hiyo wekeni nyingine ya Juni 1961, ikionyesha askari wa kutoka Kenya walishukia wapi.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga