Kaya kabla ya fomu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Umeniuliza kwa nini fomu ya chuo inataka "idadi ya watu katika kaya", ilhali huku Pwani ya Kenya ukitaja kaya watu wanafikiria msitu. Neno ni hilo hilo, ila limesinyaa. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa wazee wetu ilikuwa kijiji kizima chenye boma na malango, kimejificha katikati ya msitu mnene, na anayekifikia amepita vijia vyembamba vinavyojulikana na wenyewe.

Wala si letu peke yetu. Wasukuma wanalo, na Mzulu anayerudi nyumbani husema anakwenda ekhaya. Neno lililotapakaa Ubantuni kiasi hicho ni la kale mno, kwa hiyo wanaodai lilizaliwa hapa Pwani mimi siwasikilizi.

Hata jina letu limezibeba kaya hizo. Mijikenda ni miji kenda, na kenda ndiyo hesabu tuliyokuwa nayo kabla tisa ya Kiarabu haijaisukuma pembeni. Miji yenyewe ndiyo kaya: ya Wagiriama, ya Wadigo, ya Warabai na wenzao. Zamani tuliitwa Wanyika, jina la kupachikwa, nalo lilikuwa na dharau ndani yake. Rabai kuna kaya iitwayo Mudzi Muvya, yaani mji mpya, ingawa upya wake ni wa enzi za mababu! Na kijiji nacho ni mji huo huo, umevishwa tu ki ya udogo.

Watu walihama kidogo kidogo kufuata mashamba, hadi kufikia miaka ya 1940 kaya zikawa hazikaliwi tena. Nguvu haikuhama nao. Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza, aliwalisha kiapo katika kaya yao mwaka 1913, na mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kwa baruti, mahali palipobaki na wakazi wachache tu. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya hizi katika Urithi wa Dunia.

Ukija likizo twende Kaya Kinondo. Utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na humo usichume hata jani.

Mamako