Tulipeni kwa kutafuta, si kwa spea tu

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji. Kuna msomaji aliandika juzi hapa kwenye ukurasa wa barua akilalamika kuwa mafundi wa Mombasa ni wezi, ati gari yake ya zamani yatetemeka ikisimama kwenye foleni, kaipeleka gereji huku na kule, kabadilishiwa plagi, koili, pampu ya mafuta, mpaka sensa, na bado yatetemeka vile vile. Mie ni fundi, niko Kisauni, na siandiki kumtetea mtu, wezi wapo. Lakini kwa jinsi alivyoeleza hali yenyewe, resi ya chini, yaani mzunguko wa injini wakati hujakanyaga mafuta, yapanda na kushuka bila kuguswa, AC ikiwashwa injini yataka kuzima, akifika barabara wazi akikanyaga mafuta yatulia, mie nasema hiyo ni hewa. Injini yavuta hewa mahali isipotakiwa kuvuta, yaani vakyumu yavuja, na hilo huliponyi kwa spea ya bei kubwa, mara nyingi ni kipande cha mpira tu.

Wasio mafundi niwaeleze upesi. Pistoni ikishuka yanyonya, na kwa vile throtoli, kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta, iko karibu kufungwa kabisa wakati hujakanyaga, ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, kunakuwa na mvuto mkali. Mvuto huo ndio unaosaidia breki, ndio unaorudisha ile mivuke ya ndani ya injini ichomwe tena, na kwenye gari za kabureta ndio unaosogeza taimingi, yaani wakati wa cheche, kwenye distribyuta inayogawa umeme kwa plagi. Petroli ili iungue sawasawa yataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sasa paipu ikipasuka, hewa yaingia kinyemela, hesabu yavurugika. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliotoboka, wavuta wavuta lakini wapata upepo. Na kwa nini yatulia ukikanyaga? Kwa sababu throtoli ikifunguka hewa ya halali inakuwa nyingi mno, ile ya wizi haionekani tena, na mvuto wenyewe wapungua.

Hapa ndipo mafundi wengi, hasa vijana, wanapochanganyikiwa, kwa sababu gari hazilalamiki namna moja. Gari ya kabureta, zile pikapu na Peugeot za zamani ambazo bado zapiga kazi, ikivuja yamisi, yaani mipigo mingine haiwaki, na kuzima, basi. Gari yenye sensa ya kupima hewa pale kwenye boksi la filta, hewa ikiingia baada ya sensa kompyuta haina habari nayo, yaendelea kutoa mafuta ya hewa iliyohesabiwa, mchanganyiko wakosa mafuta na injini yatetemeka. Lakini Corolla 110 nyingi za injini ya 5A hazipimi hewa hivyo, zapima presha ya ndani ya manifoldi. Hewa ikiingia presha yapanda, kompyuta yadhani dereva amekanyaga, yaongeza mafuta, resi yapanda. Ikipanda sana huku throtoli imefungwa, kompyuta yakata mafuta, resi yaanguka, yarudisha mafuta, yapanda tena, vuu, vuu, vuu, mchana kutwa. Mtu akisikia hivyo akimbilia kusema ni pampu. Pampu gani jamani? Nimeona 110 iliyokuwa yapanda na kushuka hivyo, imezungushwa mji mzima, na ubovu ulikuwa kifuniko cha mpira kidogo kuliko kidole, kile kinachoziba tundu lisilotumika nyuma ya manifoldi, kimepasuka upande usiouona mpaka uweke kioo.

Na joto letu hili, mpira haudumu. Ukikaa miaka juu ya injini ya moto, ukapakwa oili kidogo kidogo, wawa mgumu, ukiupinda wakatika. Chumvi ya bahari nayo yala klipu na vile vipaipu vya chuma ambavyo hozi zinavalia. Wakati mwingine hozi nzima, chuma chini yake kimeoza.

Kingine ambacho sisi watu wa pwani twapaswa kukijua ni geji ya vakyumu. Ni kidude cha mshale, wachomeka kwenye manifoldi, injini ikiwa imepata moto na yanguruma tu bila kukanyagwa, mshale utulie kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Vitabu vyaandika hivyo kwa kuhesabu usawa wa bahari, na sisi hapa ndio tulioko usawa wa bahari, kwa hivyo twasoma kama ilivyoandikwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, huko watoa kama inchi 5 na ushee, mshale ukisoma 14 gari ni nzima kabisa. Gari hiyo hiyo ikiteremka hapa Disemba ikasoma 14, ni mgonjwa. Nimewahi kubishana na kijana aliyesomea ufundi huko bara akaniambia 14 ni sawa, alivyofundishwa ndivyo, na kwa huko alikosomea hakukosea. Mshale ukiwa chini lakini umetulia, shuku hewa ama taimingi imechelewa. Ukiwa unadunda kwa mpigo mmoja mmoja, hayo si ya hozi, hayo ni valvu, mambo mengine.

Sasa mashine za kompyuta. Zasaidia, lakini gari nyingi za Japani za miaka ya tisini hazizungumzi na skana hizi za kisasa, waichomeka yabaki kimya. Zile zinazozungumza, usisome kodi tu, ile namba ya hitilafu, ukafunga. Kodi P0171 yamaanisha mchanganyiko una hewa nyingi ama mafuta kidogo upande wa kwanza wa injini, haisemi kwa nini. Kuna mafundi wakiiona wang'oa sensa ya oksijeni wauza mpya, na sensa ile kazi yake ilikuwa kuleta habari, na wahenga walishasema mjumbe hauawi. Kwenye gari inayopima hewa pale kwenye filta, angalia ile asilimia ambayo kompyuta yajiongezea mafuta. Ikiwa juu, tuseme ishirini na kitu, wakati gari imesimama yanguruma, kisha ukipandisha resi mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika yashuka karibu na sifuri, hiyo ni hewa yavuja. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, hapo ndipo uende kwenye pampu, filta ya mafuta, ama sensa ya hewa yenyewe. Dakika tano hizi zingemwokolea yule bwana pesa ya pampu, kama gari yake ni ya kuzungumza na skana.

Kutafuta kwenyewe huanza kwa macho na mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Pinda kila hozi taratibu. Usisahau ile paipu pana ya mpira yenye mikunjo kutoka kwenye filta mpaka throtoli, hupasuka kwa chini ndani ya mikunjo, na ukifungua boneti waiona nzuri kabisa. Kuna Nissan zikisimama ziko sawa, ukitia gia ya nyuma zatetemeka, kwa sababu mpira wa kushikilia injini umekufa, injini yaegemea upande mmoja na ule ufa wafunguka. Fundi akiipima ikiwa haina gia hatapata kitu mpaka kesho.

Ukimaliza macho, washa injini utumie sikio. Chukua kipande cha hozi, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe juu ya maungio, utasikia mluzi. Shati ndani, na tafadhali usivae kikoi, feni haina adabu. Kisha plaisi yenye kitambaa mdomoni, wabana hozi moja moja, ile ambayo ukiibana sauti ya injini yabadilika ndiyo tawi lenye ubovu, ufuate mpaka mwisho.

Ninachokipinga waziwazi ni kile kichupa cha petroli kilichotobolewa kifuniko, vijana wananyunyiza juu ya manifoldi ya moto huku waya za plagi zikiruka cheche, ati resi ikipanda ndipo panapovuja. Ni kweli resi hupanda. Ni kweli pia gari huungua, na hata dawa ya kabureta ya kopo yashika moto vile vile. Tumia chupa ya kinyozi ya kupuliza maji. Puliza kidogo kwenye gasketi ya manifoldi na maungio, mbali na waya za plagi na mbali na ekzosti, mahali penye ufa maji yatavutwa na sauti itabadilika papo hapo. Fanya hivyo asubuhi injini ikiwa bado baridi, kwa sababu gasketi nyingine huvuja baridi tu, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba, ukija mchana hupati kitu na mteja aonekana mwongo.

Ikishindikana yote, moshi. Injini yazimwa, waziba njia ya filta, wapitisha moshi kwa presha ndogo sana kupitia hozi moja ya vakyumu, kisha waangalia unapotokea. Nasema ndogo sana kwa sababu nimesikia mtu ametia kompresa ya matairi moja kwa moja, sili zikaruka.

Sasa breki, hapa sitaki mzaha. Hozi nene kabisa ya vakyumu ndiyo ya busta ya breki, kile kikombe kikubwa kinachotumia mvuto kukusaidia kukanyaga, na mpira wa ndani ya busta ukichanika injini yatetemeka unapokanyaga breki na pedali yawa ngumu. Jaribu hivi nyumbani, injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hapo kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta yafanya kazi. Isipozama, usiende popote. Fikiria gari imekuzimia kwenye mteremko wa kuingia feri pale Likoni, mbele watu wanatembea kwa miguu, busta nzima yabakisha mvuto wa kukanyaga mara moja mbili, ile mbovu haibakishi hata hiyo moja. Mtu ambaye gari yake yazimazima ovyo na yavuka feri kila siku, hilo si jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Nirudi kwa wizi. Kwa nini fundi abadilisha plagi, koili, pampu, kabla hajabana hata hozi moja? Wengine ni ujinga, sawa. Lakini sababu kubwa ni nyie wateja, msinikasirikie. Mteja akionyeshwa koili mpya ndani ya boksi, alipa bila kinyongo. Akiambiwa nimetafuta tangu asubuhi, nikapata hozi imepasuka kwenye ncha, nikakata kipande kilichooza nikaivalisha tena, hakuna spea iliyonunuliwa, ananiangalia ananiuliza sasa pesa ya nini. Basi fundi mwenye watoto amejifunza kuwa akili hailipwi, boksi ndilo linalolipwa, na mwenye duka la spea naye amtoa chochote akimpelekea mteja. Hapo mwategemea nini? Na kila tarehe 14 EPRA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta twashika vichwa, ingawa sisi Mombasa twanunua nafuu kidogo kuliko Nairobi, na huku gari yanguruma kwenye foleni ya Buxton kwa resi ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Mie siku hizi naelewana na mtu kabla sijafungua boneti. Kutafuta kuna bei yake, nimepata ama sijapata. Nikipata namwita aje aone kwa macho yake maji yakivutwa ama moshi ukitoka, ndipo tuzungumzie kurekebisha. Kuna waliokwenda zao kwa hasira, na sikuwafuata. Na wale wanaotahini mafundi pale NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ningeomba wampe kijana gari yenye ufa mmoja uliofichwa, hana ruhusa ya kununua kitu, autafute. Kufungua na kufunga injini hata kwa miezi mtu hujifunza, kutafuta ndiko kazi yenyewe.

Na mkishapata palipovuja, hozi ya kuweka ni ya vakyumu, ile nene ya mpira, maduka ya Mwembe Tayari watakukatia kwa futi ukienda na kipande cha zamani wakupimie tundu. Msiweke ile paipu nyeupe ya plastiki ya matangi ya samaki, injini ikipata moto yalainika, yanyonywa yajibana yenyewe, na mwajikuta mwatafuta ubovu wa pili ambao hamkuja nao.

Fundi wa magari,
Kisauni, Mombasa