Risala ya kikundi chetu cha sabuni za mwani, Tumbe, kwa mama yetu mgeni rasmi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sheha wetu, wazee wetu, kina mama wenzangu na watoto mlokaa kule nyuma mnaosubiri pilau (subirini, nyie, haiko mbali). Nimepewa kazi ya kusoma hii risala kwa sababu mi ndo mweka hazina, na mengi ya aibu yalotokea yalipita mikononi mwangu, kwa hiyo bora niyaseme mwenyewe kabla hajayasema mtu mwengine.

Mama, sisi tulikuwa wakulima wa mwani kama walivo kina mama wengi wa pwani hizi, tangu ulipoanza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, hadi ukafika kwetu Pemba. Bamvua likija maji yakikupwa tuko baharini, viuno vinauma, macho yanawasha kwa chumvi, halafu unaanika, unafunga gunia, na mnunuzi anakupa bei anoijua yeye. Ule wa bei nzuri, kotoni, maji yalipozidi joto ukawa unaoza unakatika kwenye kamba, tukabaki na spinosamu ambao bei yake hata kuitaja naona haya. Ndo tukasema tusiuze mkavu tu, tuusage tutie kwenye sabuni. Tulikuwa 14. Mafunzo tulipata siku mbili, tukajiona mafundi.

Basi yalotupata! Sabuni ya soda kali (kostiki) na mafuta ya nazi ukishaikata inataka ikae wiki nne mpaka sita ndo itulie, sisi wiki ya kwanza tushaipeleka sokoni Konde, tuna njaa ya pesa. Watu wakarudi wanaonesha mikono imebabuka. Tukaja tukapata duka moja Unguja la wageni, wakachukua vipande 300 kwa mdomo tu, "mkipita tena tutawapa", tukapita mara tatu, kila mara mwenyewe hayupo. Na nauli ya boti haikusubiri mtu. Wenzetu sita wakatoka mmoja mmoja, na sikuwalaumu, maana mi mwenyewe usiku nlikuwa nafikiria nitamwambiaje mwenyekiti.

Wewe ulikuja siku ya mvua. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna mama wa Chake, ana biashara yake ya vitambaa miaka mingi, anasaidia wanawake, na sisi tukajua tu kusaidia maana yake mkopo. Tulikupikia kuku, mama. Tulitayarisha na barua ya kuomba milioni mbili. Ukala kuku, ukaisoma barua, ukaikunja ukaitia kwenye mkoba, ukauliza, "Kipande kimoja kinakuleni shilingi ngapi?"

Wallahi hakuna aliejibu. Mwenyekiti akaniangalia mi, mi nikaangalia dari.

Ukasema lete karatasi. Tukaandika soda, mafuta ya makonyo ya karafuu, karatasi za kufungia, tukakwambia ndo hayo. Ukauliza nazi je? Tukacheka, tukasema nazi za kwetu mama, tunaangua shambani. Ukasema, "Nazi yako ungeiuza sokoni usingepata pesa?" Na kuni? Na mwani wenyewe? Na gari ya kwenda Wete? Tukahesabu mpaka magharibi. Vipande 40 vilikuwa vinakula shilingi 48,000, yaani 1,200 kila kimoja, na sisi tunauza 1,000! Kila tulipouza sana ndo tulizidi kuzama, na tulikuwa tukimshukuru Mungu kwa wateja.

Milioni mbili hukutupa. Siku ile nlikuona una roho ngumu, naomba unisamehe, lakini kwa hali ile zingeishia kule kule zilikoishia za mwanzo.

Sasa la kopo. Pesa za kikundi nlikuwa naweka kwenye kopo la maziwa jikoni kwangu, na za mchele humo humo. Mtoto akitaka daftari za skuli natoa, mgeni akija natoa, nasema ntarudisha. Ulipouliza iko wapi pesa ya mwezi uliopita nlilia mbele za watu. Hukunigombeza. Safari ya pili ulikuja na kopo jengine tupu na daftari lenye mistari, ukaandika mwenyewe juu yake "TOKA" na "INGIA", basi. Kopo lile mpaka leo lipo, ingawa siku hizi pesa ziko benki na sahihi ni za watu watatu.

Ukatufundisha na kusema hapana, na hili lilikuwa gumu kuliko hesabu, kwa sababu huku kwetu kila mtu ni shangazi ya mtu, anakuja anasema nionjeshe kimoja mwanangu. Deni la lile duka ulisema tuliandike limepotea, tusiende tena kupoteza nauli, na mzigo usitoke tena bila karatasi yenye sahihi. Halijalipwa mpaka leo. Karatasi tunazo.

Leo mama tunagawana faida kwa mara ya kwanza. Si nyingi, lakini ni faida kweli, nazi zishatolewa humo. Wanne kati ya wale sita wamerudi. Sabuni inakaa wiki sita kwenye chanja na ufunguo anao mwenyekiti peke yake, maana mi bado nina haraka.

Tuna ombi moja, na si pesa. Tunataka nembo ya ubora ya ZBS, ile taasisi ya viwango ya Zanzibar, na zile fomu na vipimo vinatushinda, tunaomba ukae nasi siku moja kama ulivokaa siku ile ya mvua. Kuku tutapika.

Na hili kapu la ukili ni lako, lina vipande 20 vya mwani na karafuu. Usiulize, mama, tushaviandika, ukurasa wa zawadi, kwa 1,200 kila kimoja.