Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Picha za Sura kwa Nyeusi na Nyeupe

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Katika mkutano wa mwaka jana mliiagiza kamati iweke kando kwa muda picha za machweo, za punda na za majahazi, ambazo kila mgeni huondoka nazo Lamu, ili tujaribu picha za sura za watu kwa nyeusi na nyeupe, zile zenye kivuli kizito na macho yanayong'aa. Taarifa yangu ni juu ya jaribio hilo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina mwenyewe.

Tulianza vibaya, na ni wajibu wangu kulisema hilo. Katika miezi ya mwanzo wengi wetu, nami nikiwemo, tulichukua picha za kawaida zilizopigwa juani, tukaziondoa rangi kwenye kompyuta, kisha tukazidisha tofauti ya mwanga na kivuli mpaka makunyanzi ya watu yakawa kama nyufa za ukuta. Mojawapo ilikuwa picha ya mzee mmoja, fundi wa majahazi wa Matondoni. Tulipompelekea nakala aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa upole ni maradhi gani tuliyomwona nayo. Tulikuwa tumemtwika dhiki asiyokuwa nayo, kwa sababu tu dhiki huonekana kuwa na uzito pichani. Tulimwomba radhi, naye kwa ukarimu wake akakubali kupigwa picha nyingine.

Picha hiyo ya pili ndiyo iliyotufunza. Safari hii hatukumweka juani, kwani huku kwetu, karibu na ikweta, jua la adhuhuri husimama utosini na kuyafunika macho kwa kivuli cha paji la uso. Tulimkalisha kwenye daka, yaani kibaraza cha kuingilia mlangoni, la nyumba ya jamaa yake mjini, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Wanaoijua miji yetu ya mawe watanielewa: mwanga huingia kutoka upande wa njia ukiwa umekwisha kulainishwa na chokaa ya ukuta wa pili, huangukia nusu ya uso, na giza la ndani huwa pazia jeusi ambalo hakuna studio inayoweza kulishinda. Tulipoifungua picha ile kwenye kompyuta, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo mno, na tangu siku hiyo ninaamini kwamba uzito wa picha ya namna hii hupatikana mahali pa kupigia, na kwamba programu hukamilisha tu yale ambayo mwanga umekwisha kuyafanya.

Jambo la pili ni kipimo cha mwanga. Kamera hukadiria kana kwamba kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito mbele ya ukuta wa chokaa huifanya kamera ipunguze mwanga, na uso wake ukazama gizani. Mtu yuleyule akikaa mbele ya mlango wenye giza, kamera huongeza mwanga na kuupausha uso. Kwa hiyo tumekubaliana kupima mwanga usoni, si kwingineko, na kuhifadhi picha ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla ya kuchakatwa) badala ya jpegi, faili la kawaida lililobanwa, maana picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali jpegi ina 256 tu, na upungufu huo hujitokeza kama mabaka pale unapojaribu kufufua vivuli.

Kuhusu kugeuza rangi kuwa kijivu, nawasihi msitosheke na kitufe kimoja. Hesabu inayotumika sana huchukua takriban asilimia 59 kutoka kijani, 30 kutoka nyekundu na 11 kutoka buluu. Ngozi ya binadamu huakisi nyekundu zaidi kuliko buluu, hivyo anayezidisha nyekundu hupata uso mwangavu na laini, na anayezidisha buluu hupata uso mweusi zaidi ambao kila alama yake hujitokeza, pamoja na chengachenga nyingi. Filamu za kale ambazo hazikuiona nyekundu zilikuwa na tabia hiyo ya pili. Baadhi ya wanachama walizidisha nyekundu kupita kiasi ili kuwafanya watu weupe, na hilo nililikataa kila nilipoliona: weusi wa ngozi zetu una ngazi nyingi nzuri za kijivu, na kazi yetu ni kuzionyesha.

Wapo waliosema kwamba kuchezea picha ni ugeni uliokuja na kompyuta. Nawakumbusha kwamba marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio papa hapa Lamu, alizikata na kuziunganisha picha kwa mikono miaka mingi kabla ya programu hizi. Tofauti ni kwamba wateja wake walimwendea wenyewe, nasi ndio tunaowaendea watu barazani na kuwaomba nyuso zao.

Kwa sababu hiyo kamati inapendekeza kanuni moja, mtakayoipigia kura leo: picha ya sura isionyeshwe popote kabla mwenyewe hajaiona ikiwa imekamilika na kuiridhia, na apewe nakala iliyochapishwa kwenye karatasi. Kwa picha za kina mama kanuni hii isiwe na udhuru hata mmoja, na mwanamke akibadili nia baadaye, picha iondolewe bila kuulizwa sababu.

Mwakani kamati inakusudia kufanya kazi na mafundi wa milango kwa utaratibu huohuo wa daka. Wanaotaka kushiriki wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa, na wenye lenzi za chama wazirudishe leo, zikaguliwe ukungu unaoletwa na unyevu wa bahari.

Mwenyekiti,
Lamu